Mwanamke Aliyetaka Maji Yafungwe

Waendesha bodaboda wa Lodwar walimwita Mama wa Kufunga Maji. Akipita stejini na mkoba wake wa kahawia, mmoja alimwuliza mwenzake kama amejaza mitungi nyumbani, maana mama ameshaonekana, na wengine wakacheka. Yeye pia alicheka. Aliwaambia wajaze hata sufuria, kwa sababu siku hiyo ameamka vibaya. Kisha alipanda pikipiki ya yuleyule aliyeanza utani, akabishana naye nauli mpaka mlangoni kwake, na mwisho akampa zaidi ya alichotaka.

Kwetu sisi wanafunzi wake alikuwa Mwalimu. Alikuwa mchumi mwenye shahada ya uzamivu aliyoipata ng'ambo, na shahada hiyo ingempa jina la Daktari, lakini alilikataa. Alisema ukiitwa Daktari katika mji huu utaletewa mtoto mwenye homa usiku, na yeye dawa hana. Alitufundisha uchumi wa umma: pesa za serikali zinatoka kwa nani, zinakwenda kwa nani, na ni nani anayebaki amesimama nje. Somo lake la pili lilikuwa maendeleo ya vijijini, na hilo alilifundisha kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumzia ugonjwa wa ndugu yake.

Nimejaribu mara nyingi kuandika habari zake nikaacha. Nahofia nitamfanya bora kuliko alivyokuwa, au nitamfanya wa kuhurumiwa, na yote mawili yangemkera. Lakini naona mji unamkumbuka kwa jambo moja tu, na hata hilo unalikumbuka nusu. Ni kweli alitaka maji yafungwe. Nusu inayosahaulika ni kwamba maji hayo aliyaleta yeye.

Darasa letu lilikuwa na paa la mabati, na ikifika saa nne asubuhi hakuna aliyeweza kufikiri vizuri isipokuwa yeye. Alifundisha akitembea. Kiti cha mwalimu alikipa mkoba. Kiingereza alikitumia kwa kazi, kwa kuwa mitihani ilitungwa kwa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa cha utani. Kiturkana kilikuwa cha hasira na cha sala, na ilitubidi tusikilize kwa makini kujua kama tunalaaniwa au tunaombewa.

Alisahihisha kwa kalamu ya kijani. Ukiandika kwamba wananchi watanufaika, pembeni ulikuta neno moja: Nani? Ukiandika kuhusu jamii za wafugaji, ulikuta: Wapi? Insha yangu ya kwanza ilirudi imejaa Nani na Wapi kama shamba lililovamiwa na nzige. Nilikaa nayo usiku nikijiuliza kama ananiambia nibadilishe somo. Siku moja nilimtumia ujumbe wa simu kuomba siku chache zaidi za kumaliza kazi, akajibu: Sawa. Neno hilo na nokta. Niliichunguza nokta ile siku nzima. Je, amechoka nami? Je, ni sawa ya kukubali au ya kukata tamaa? Nilipojipa moyo nikamwuliza, alishangaa. Alisema alikuwa anakaanga vitunguu na mkono mmoja ulikuwa na mafuta.

"Kijana wangu," aliniambia, "ukiniwazia hivyo mimi, wapiga kura utawawazia lini?"

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alitufundisha kuwa hakuna kitu cha bure, kwamba kila cha bure kuna mtu mahali fulani amekilipia, lakini nyumbani kwake mlango haukufungwa mchana na wanafunzi waliokosa chakula walijua sufuria iko wapi. Alipigania maji ya umma maisha yake yote, na mwenyewe alinawa mikono kwa kikombe kimoja, akamwagia yaliyobaki mche wa mwarobaini. Alipenda samaki wakavu wa Lowarengak, kule ziwani, jambo ambalo kwa wafugaji wa rika la kaka yake ni aibu. Kwao, anayekula samaki ni aliyeishiwa mifugo. Aliwala mbele ya watu, tena kwa mikono miwili. Lakini akisikia kaka yake yuko mjini, alifungua madirisha yote harufu itoke.

Madirisha hayo aliyafungua bure kwa miaka mingi, kwa sababu kaka yake alikuwa akija mjini na haji kwake.

Sikuyaelewa hayo mpaka tulipokwenda naye nje ya mji kujifunza kuhoji. Hilo ndilo alilojua kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Kwetu humwendei mzee ukamwuliza ana mbuzi wangapi. Ni kama kumtaka mtu wa mjini akuonyeshe yaliyomo mfukoni, na zaidi ya hapo unaonekana unawatakia mifugo wake mabaya. Mimi ni Mturkana wa mjini, nimelelewa nyuma ya duka, na nilikuwa nimeandaa swali hilo likiwa la kwanza. Mwalimu alinikanyaga mguu kabla sijalimaliza. Aliketi, akatoa tumbaku, akauliza habari za mvua. Akanyamaza muda mrefu hadi mimi nikaanza kutokwa jasho. Kisha akamwuliza mzee yule habari za ng'ombe dume aliyempenda ujanani: alikuwa wa rangi gani, na yeye mzee alizikunja pembe zake namna gani. Mzee aliyekuwa amenuna alisimama, akainua mikono juu ya kichwa kuonyesha pembe zilivyokaa, akaanza kuimba wimbo wa dume huyo. Baada ya hapo alitueleza ukame ulimchukulia nini, nani alimsaidia na nani alimkimbia, na hatukuhitaji kuuliza idadi.

Tukirudi, gari lilizama kwenye mchanga wa laga, mto mkavu usiopitisha maji ila mvua ikinyesha milimani. Dereva alikwenda kutafuta matawi ya kuweka chini ya magurudumu. Mwalimu aliketi ukingoni, akatuambia bila kuulizwa kwamba mbele ya Nakalale, karibu na vilima, kuna bonde, na kwamba bonde hilo ndilo lililompa shahada.

Tasnifu yake ilihusu maji. Alikuwa amekua akichota maji kwenye mashimo ya mchangani, wasichana wakipokezana karai kutoka chini hadi juu, na alipofika ng'ambo na kusoma kuhusu bidhaa za umma, vile vitu ambavyo hakuna mfanyabiashara atakayevileta kwa sababu havimpi faida, alijua ataandika nini. Alisema aliandika sura nzima kwa furaha. Hoja yake ilikuwa kwamba mfugaji anafukarishwa na mwendo: nyasi ziko huku, maji yako kule, na nguvu za watu na wanyama zinaishia njiani. Pesa ya umma, aliandika, iyaweke maji pale nyasi zilipo.

Bonde lile lilikuwa na nyasi nzuri kuliko mahali popote alipopajua, na halikuwa na tone la maji. Aliporudi na shahada yake, shirika moja lilimsikiliza, likaleta mashine ya kuchimba. Maji yalipatikana, matamu. Watu walicheza ngoma. Kuna mama mmoja mzee aliyeyamwaga kichwani kwake mwenyewe akicheka.

"Mgeni angechimba kando ya barabara," Mwalimu alituambia, akitazama mchanga. "Angechimba pale gari lake linapofika, na asingedhuru kitu. Ni mtoto wa wafugaji tu anayeweza kuota nyasi na maji mahali pamoja. Niliota ndoto hiyo tangu nikiwa na karai mkononi."

Lile bonde lilikuwa na nyasi kwa sababu halikuwa na maji. Watu walilipita tu. Waliliacha mwaka mzima, na ukame ukizidi, walipeleka huko wanyama wenye nguvu kwa siku chache na kuwarudisha kunywa mbali. Ugumu wake ndio uliokuwa ulinzi wake, na hakukuwa na haja ya askari wala sheria. Maji yalipokuja, watu walikaa. Ikaja shule, yakaja maduka, ikaja zahanati. Kwa miaka michache mifugo ilinenepa na Mwalimu alialikwa kwenye mikutano. Halafu nyasi za karibu zikaisha, na za mbali kidogo, na ukame mkubwa ulipofika watu walielekeza wanyama wao bondeni kama walivyofanya baba zao, wakakuta vumbi, vichaka vya miiba viitwavyo mathenge, na pampu inayotoa maji safi.

Mmoja wetu alimwuliza kama hakuwahoji wazee kabla ya kuandika. Alisema aliwahoji wengi. Aliwauliza kama wanataka maji.

"Turkana nzima, nani atakuambia hataki maji?" alisema. "Niliuliza swali lenye jibu moja. Msije mkauliza swali lenye jibu moja."

Kaka yake naye aliulizwa. Kaka huyo ndiye aliyebaki na mifugo ya nyumbani, na baadhi ya mbuzi wake walikuwa wameuzwa ili dada asome. Alijibu kwamba pale ni mahali pa wakati mbaya. Mwalimu aliyasikia maneno hayo kama sababu ya kuchimba. Mahali pa wakati mbaya, basi tupafanye pawe pa wakati mzuri. Kaka hakuongeza neno. Aliona dada yake amesoma, na labda, Mwalimu alisema, alidhani waliosoma wanajua njia ya kuwa na vyote viwili. Ukame ule ulimchukulia ng'ombe wote. Tangu hapo akawa anakuja Lodwar, anauza anachouza, analala kwa watu wengine.

Tangu siku ile lagani nilijua anachokitaka, na kila aliyemkaribia alijua. Alitaka pampu ifungwe miezi ya mvua, wakati ambapo kuna maji kwenye mabwawa ya chini, ili watu washuke na bonde lipumzike. Alitaka nyasi zirudi. Hakusema kwamba zikirudi na kaka atarudi, lakini aliyaweka mambo hayo mawili kwenye sentensi moja mara nyingi kiasi kwamba hata mimi, ninayetafuta maana mahali isipokuwepo, sikuhitaji kutafuta.

Alihangaika na jambo hilo katika ofisi nyingi. Nilimsindikiza mara kadhaa. Aliingia na ramani na kutoka na ahadi. Katika ofisi moja kijana wa rika langu alimweleza, kwa Kiingereza kizuri sana, kwamba hakuna kiongozi anayeweza kusimama mbele ya watu na kufunga maji. Mwalimu alimwambia hoja yake ni sahihi kabisa, na kwamba angempa alama za juu, kisha akaketi palepale hadi alipopewa tarehe ya kumwona mkubwa wake.

Hatimaye afisa mmoja wa maji, mtu wa kutoka mbali aliyekuwa na moyo mzuri, alikubali baraza liitishwe bondeni na Mwalimu aeleze mwenyewe. Mwalimu alitutangazia habari hiyo kwa furaha kama msichana. Alinunua viatu. Alimtumia kaka yake habari kupitia wafanyabiashara wa mbuzi: njoo usikie, nitaufunga mlango nilioufungua. Kaka alikuja. Alitembea kutoka malisho ya mbali, na nilipomwona kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama kwa mguu mmoja nyuma ya watu, fimbo begani, mrefu, hana haraka. Mwalimu alimwona pia. Alianza kuongea akiwa anamtazama yeye.

Aliongea vizuri. Alieleza jinsi bonde lilivyokuwa, na wazee waliitikia. Alieleza miezi ya kufunga na miezi ya kufungua. Vijana waliokuwa juu ya pikipiki walimtania kwamba ajaribu kwanza kufunga maji ya kwake Lodwar, naye akawajibu kwamba kwake yamejifunga yenyewe, na watu wakacheka. Nilianza kuamini kwamba itawezekana.

Ndipo mwanamke mmoja akasimama na mtoto mgongoni. Aliongea Kiswahili ili afisa aelewe.

"Mama, mimi sikatai. Nyasi ilikuwa, mzee wangu alinionyesha picha kwa maneno. Lakini mimi sikuona hiyo nyasi. Mimi niliolewa hapa, maji iko. Mtoto huyu nilizaa hapo kwa zahanati. Yule mkubwa anasoma hapo. Sasa mvua ikinyesha nishuke chini, nikunywe ile maji ya bwawa na punda, na shule nibebe kwa kichwa? Wewe ndio ulisema tukuje kwa maji. Tumekuja. Sasa unasema tuende wapi?"

Hakuwa na hasira. Nadhani kama angekuwa na hasira Mwalimu angemjibu, kwa kuwa alikuwa na majibu. Nilikuwa nimemsaidia kuyaandaa. Tulikuwa na jibu la shule, na la zahanati. Mwalimu alifungua mdomo, akamtazama yule mtoto mgongoni, ambaye alikuwa amelala.

"Umesema kweli," alisema, na akaketi chini.

Afisa alisubiri aendelee. Sote tulisubiri. Nimeifikiria dakika ile kuliko mtihani wowote niliofanya. Wakati mwingine naona alishindwa, kwamba baada ya miaka yote ya ofisini alipaswa kusimama imara kwa ajili ya wale ambao bado hawajazaliwa. Wakati mwingine naona ile ndiyo mara ya kwanza alipouliza Nani na akamwona mtu mwenyewe. Sijui. Afisa alifunga baraza kwa sala, kama desturi. Nilipogeuka, kaka yake alikuwa ameshaondoka. Tulimwona kwa mbali akipita kati ya mathenge. Mwalimu hakumwita. Garini alivivua viatu vipya, akaviweka mapajani hadi Lodwar.

Haukupita muda akaacha kufundisha. Waliomwita Mama wa Kufunga Maji waliendelea kumwita hivyo hata baada ya yeye kuacha kutaka. Nilimaliza masomo, nikaanza kuhangaika na kazi za miezi miwili mitatu, zile za kutembea na tableti ukiwauliza watu maswali yaliyotungwa Nairobi. Nilinuia kumtafuta. Kila mara nilijiuliza nitamwambia nini, na kwa kuwa sikupata la kumwambia, sikumtafuta.

Mwaka huu mvua zilinyesha vizuri kidogo. Kazi yangu ilinipeleka mpaka bonde lile, na kutoka hapo Kakuma. Ndipo nilipomkuta, katika kibanda cha chai cha mama mmoja kutoka Sudan Kusini, karibu na soko. Nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Alinisalimia ejok kama aliyeniona jana. Anawafundisha wanawake wafanyabiashara, wakimbizi na wenyeji pamoja, namna ya kupanga bei na kuweka akiba. Mwenye kibanda anamwita ustaza, yaani mwalimu, na humpigia kelele asipokunywa chai ingali moto.

Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha kwa kimya changu, lakini hakunipa nafasi.

"Kaka yangu anaishi kwangu sasa," alisema. "Nilimwomba aje miaka yote hiyo. Amekuja."

Alinieleza kidogokidogo, akizungusha kikombe. Kiangazi kilichopita kilimaliza mbuzi. Waliobaki kaka aliwagawia vijana wa ndugu, akaja kwa miguu na fimbo na kigoda chake. Hakutoa maelezo, na Mwalimu hakumwomba ayatoe. Wanaongea habari za majirani, za magoti, za bei ya nyama. Bonde hawalitaji.

"Nilitaka aje kwangu akiwa ananitembelea," alisema. "Hakuja kunitembelea. Hana pa kwenda."

Mzee aliingia tukiwa bado tunaongea. Hakutaka kiti cha plastiki. Aliweka kigoda chake, akaketi karibu na mguu wa dada yake. Mwalimu, kwa kutaka kunitambulisha vizuri, alimwambia kwa Kiturkana kwamba huyu ni mwanafunzi wake, ametoka kule bondeni wiki hii. Alipolitaja tu bonde, niliona uso wake mwenyewe ukibadilika. Mzee alinitazama.

"Mvua ilinyesha?" aliuliza.

Nilisema ilinyesha.

"Na nyasi?"

Nilianza kupima la kusema, na bado nilikuwa napima Mwalimu aliponitangulia.

"Zipo," alisema. "Anasema zimeanza kuota."

Sikuwa nimesema hivyo. Alilisema bila kunitazama, kwa sauti ileile aliyotumia kutusomea matokeo ya utafiti. Mzee hakugeuka kwake. Aliniuliza mimi ni za namna gani.

Nilikuwa nimeona mathenge, na katikati yake, karibu na ua wa shule, kijani kidogo kimetambaa chini. Nilifurahi kupata kitu cha kweli cha kusema ambacho kingemsaidia Mwalimu. Nikaeleza majani yake, madogo, yamepangwa mawilimawili, na maua yake ya njano. Nilionyesha kwa kidole jinsi kinavyolala juu ya ardhi.

Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo ina miiba midogo," alisema taratibu. "Inachoma chini ya mguu. Inaota mahali ambapo nyasi zimekwisha."

Mwalimu alikuwa ameinamia kikombe chake. Nilimtazama mzee nikingoja aseme lile aliloondoka nalo siku ya baraza. Aliinua kichwa, akamwita mwenye kibanda.

"Mletee dada yangu chai nyingine. Hii imepoa."

Mwalimu alisema hahitaji.

"Kunywa," mzee alimwambia.

Akanywa.